Spindo ya grinda ya kunolea ni nzito na inachemka, ni sili za beringi au kuna kingine?

ChumaBaridi:

Wakuu salaam, naombeni msaada kwa waliowahi kutengeneza spindo wenyewe. Nimekereza spindo (shafti inayobeba jiwe na kulizungusha, pamoja na beringi zake) ya mashine ya kunolea, nanolea endi mili (visu vya mashine ya kufreza), drili na visu vya kukerezea, jiwe ni lile la kikombe kipenyo milimita 100. Ndani kuna beringi mbili za 6204 2RS (yaani kila moja ina sili, kifuniko cha raba cha kuzuia vumbi, pande zote mbili), moja mbele upande wa jiwe na nyingine nyuma upande wa puli, shafti ni ya 20, hauzingi ni bomba zito la chuma nimelikereza ndani likakaa vizuri tu, halafu kila upande nimefunga kifuniko cha bolti nne. Mota ndogo, wati 180, inazunguka 2800 kwa dakika, puli nimezipanga spindo ipate kama 4200.

Sasa tatizo. Ukizungusha shafti kwa mkono bila mkanda unahisi uzito, yaani ukiiachia haizunguki hata nusu, inasimama palepale kama imeshikwa. Nikiwasha, mota inaanza kivivu halafu ndo inashika kasi, na nikigusa chuma kidogo tu kwenye jiwe unasikia sauti inashuka. Baada ya nusu saa hauzingi haishikiki, nimeweka kipimajoto kinasoma 68, na bado kinapanda.

Kinachoniuma zaidi si hata joto lenyewe, ni kwamba kipimo kinahama. Nikianza kunoa endi mili ya meno manne na mashine ikiwa baridi, nikimaliza jino la nne nikarudi la kwanza, jiwe linakula tena wakati sijagusa chochote. Nimeweka dayo geji (kile kipimo cha saa) mbele ya spindo nikaona shafti inasogea mbele kama milimita 0.03 kadiri inavyopata moto. Kwa kazi ya kunoa hiyo ni kubwa.

Nimesoma kwamba sili za raba za 2RS zinakaba sana shafti, na nikichungulia naona kweli mdomo wa raba unagusa rimu ya ndani pande zote, na ziko nne. Nataka kuzitoa. Nitoe zote? Nitoe baadhi? Au ninunue beringi nyingine kabisa? Vumbi la jiwe ndo linanitia hofu.

kijana_wa_mota:

Toa zote mzee, unajisumbua bure. Chukua sindano, chomeka pembeni ya raba, nyanyua, imetoka. Mimi kwenye mota zangu natoa sili kila siku na zinazunguka kama upepo. Vumbi piga kwa kompresa kila jioni basi.

Mzee Grisi:

Kijana hapo juu, mota ya feni na grinda ni vitu viwili tofauti, usimpoteze mwenzako.

Nilishafanya hiyo kitu. Grinda yangu ya kwanza ilikuwa nzito hivyohivyo, nikang'oa sili zote nne nikajiona mjanja, spindo ikawa nyepesi mpaka unaipuliza inazunguka. Wiki ya tatu ikaanza kulia kama kinu. Nilipofungua, grisi ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na ukiisugua katikati ya vidole unasikia mchanga. Ile si grisi tena, ile ni dawa ya kusugulia chuma, umeipaka mwenyewe ndani ya beringi halafu unaizungusha mara elfu nne kwa dakika. Vumbi la grinda ni punje za jiwe lenyewe pamoja na vipande vidogo vya chuma kilichonolewa, hakuna beringi inayovumilia hiyo.

Na hiyo habari ya kompresa acha kabisa. Hewa ya presha ndo inalisukuma vumbi lipite pale ambapo lenyewe lisingefika, hata sili nzima inapitisha ukiipiga hewa kwa karibu. Futa kwa brashi na kitambaa chenye mafuta kidogo. Na kwa wale wanaosafisha beringi halafu wanaizungusha kwa hewa ya kompresa ili isikike ile sauti ya king'ora, siku ikipasuka mkononi utakumbuka maneno yangu.

ChumaBaridi, hujakosea kwamba sili zinakaba. Zinakaba kweli. Ila ziko nne na hazifanyi kazi moja. Mbili zinaangalia nje, hizo ndo walinzi wa mlango. Mbili zinaangalia ndani ya hauzingi, zinaangaliana zenyewe, na ndani ya hauzingi hakuna vumbi, kuna giza tu. Hizo za ndani zinalinda nini? Toa hizo mbili kwanza, umepunguza nusu ya mkabo na hujafungua mlango hata mmoja. Masharti mawili: ndani ya bomba uwe umesafisha kabisa, isibaki hata chembe ya chuma uliyokereza, maana sasa inaona mipira moja kwa moja. La pili, grisi kidogo itatokea upande huo iende ikae kwenye bomba, kwa hiyo baada ya muda ufungue uangalie beringi isije ikabaki kavu.

Uzi na Nati:

Naomba kabla hujatoa hata sili moja upime kwanza, la sivyo utabadilisha vitu vitatu kwa mpigo na hutajua kipi kimesaidia. Na kupima ni rahisi kuliko unavyofikiri, hauhitaji chombo chochote.

Toa mkanda. Toa na jiwe. Zungushia uzi kwenye puli ya spindo, mizunguko miwili mitatu, mwisho wa uzi ning'iniza mfuko wa plastiki. Weka nati moja moja ndani ya mfuko, kila ukiongeza sukuma puli kidogo kwa kidole uione kama itaendelea. Siku mfuko unapoteremka polepole kwa mwendo uleule bila kuongeza kasi wala kusimama, hapo uzito wa mfuko umelingana na mkabo wa spindo. Pima mfuko kwenye mizani ya jikoni. Mfano puli yako ikiwa kipenyo 60, basi nusu yake ni 30, gramu 100 kwenye uzi ni kama 0.03 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Gramu 400 ni karibu 0.12.

Halafu ibadilishe iwe wati. Mizunguko 4200 kwa dakika ni kama 440 kwa zile radiani za sekunde, zidisha na 0.12 unapata wati 53 hivi. Mota yako ni ya 180. Yaani kama mfuko wako utafika gramu 400, karibu theluthi ya mota inakwenda kuchemsha beringi kabla hujagusa chuma, na hizo wati 53 zote ni joto linaloishia kwenye shafti na hauzingi. Kwa bomba dogo hiyo ni pasi ya kupigia nguo kidogo kidogo.

Kwa faida ya wengine, ukifuata hesabu wanazotoa watengenezaji wa beringi, 6204 yenye sili mbili za kugusa mkabo wa raba peke yake unakuja kama 45 za nyutoni-milimita kwa beringi moja. Mbili ni 90, yaani 0.09 Nm. Mipira yenyewe na grisi nzuri havifiki hata robo ya hapo. Kwa hiyo swali lako ni la maana, watu wengi wanadhani raba ni kitu kidogo tu.

Tahadhari moja: kipimo cha mfuko ni cha mwendo wa polepole. Mkabo wa raba haubadiliki sana na kasi, kwa hiyo raba utaiona vizuri. Ila grisi ikiwa nyingi kupita kiasi, ile inakorogwa na mipira na inakaba zaidi kasi ikiwa kubwa, hiyo mfuko hautakuonyesha yote.

Pima mara mbili tafadhali. Mara ya kwanza baridi kabisa asubuhi. Mara ya pili endesha nusu saa mpaka ichemke, zima, toa mkanda haraka, pima ikiwa ya moto. Usiruke hicho cha pili, nina sababu yangu.

ChumaBaridi:

Nimepima. Kwa kweli nimefurahia kama mtoto na mfuko wangu wa nati, mke wangu amepita akaniuliza nacheza nini.

Puli yangu ni 60 kweli, umebahatisha. Baridi: gramu 405. Nikafungua nikatoa sili mbili za ndani kama Mzee Grisi alivyosema, nikafuta bomba, nikafunga, baridi: gramu 250. Nikasema haya, imekubali. Nikawasha, mota inaanza vizuri zaidi, unaisikia.

Ila sasa ikaja ajabu. Baada ya nusu saa joto likafika 61, bado linapanda, nikazima, nikatoa mkanda, nikapima ikiwa ya moto. Gramu 610!! Nikadhani nimekosea nikarudia, 590 wakati huo imeshaanza kupoa. Baada ya saa nzima ikiwa imepoa, imerudi 250.

Inawezekanaje ikawa nzito ikiwa ya moto? Nilitegemea grisi ikipata joto inalegea.

Uzi na Nati:

Ahaa. Hiyo ndo sababu yangu.

Umesema kweli, ya moto inatakiwa iwe nyepesi. Grisi inalegea, raba inalainika, vyote viwili vinashusha uzito. Kama umeenda juu zaidi ya mara mbili basi kuna kitu kinabana mipira yenyewe kadiri joto linavyopanda. Dalili ya pili uliitoa mwenyewe kwenye swali lako la kwanza ila ukaipita: "bado kinapanda". Spindo yenye sili nzito au grisi nyingi inachemka, halafu inafika mahali inatulia, maana mkabo unapungua joto likipanda. Spindo inayobana inachemka, ikichemka inabana zaidi, ikibana inachemka zaidi. Haitulii, na ukiiacha itajiua.

Nijibu kitu kimoja. Vile vifuniko vyako viwili, vyote vinakandamiza rimu ya nje ya beringi? Na katikati ya rimu za ndani umeweka bomba dogo au bega la shafti?

ChumaBaridi:

Ndiyo. Shafti ina mabega mawili, beringi zimekaa kwenye mabega. Vifuniko nimekereza viguse rimu ya nje kabisa pande zote mbili nikakaza, nilitaka shafti isicheze mbele na nyuma. Si ndo inavyotakiwa?

Uzi na Nati:

Hapo ndo umejifunga mwenyewe.

Angalia. Joto linazaliwa ndani, kwenye mipira na rimu ya ndani. Shafti inachemka kwanza na haina pa kupoteza joto. Hauzingi iko nje, ni nzito, inapigwa na hewa, inabaki nyuma. Chuma kinarefuka kama mikroni 11 na nusu kwa kila mita kwa kila digrii. Chukua urefu wa milimita 120 kati ya beringi, shafti ikizidi hauzingi kwa digrii 15 tu, ni kama mikroni 20 za urefu usio na pa kwenda. Umefungia vifuniko pande zote, mabega yanasukuma rimu za ndani kwenda nje, vifuniko vinasukuma rimu za nje kurudi ndani, mipira iko katikati inaliwa. Mikroni 20 kwenye beringi ndogo namna hii ni mzigo mkubwa ajabu, chuma hakibonyei.

Kwa hiyo sili zilikuwa tatizo la kweli, gramu 155 zimetoka ni zako halali. Ila sili ndo zilianzisha joto, vifuniko vikalizalisha. Ungeweka beringi zisizo na sili kabisa ungepata nafuu ya asubuhi tu.

Dawa yake: beringi ya mbele, ya upande wa jiwe, iache imefungwa vilevile ilivyo, hiyo ndo inashika nafasi ya shafti. Ya nyuma iache ielee. Kereza kifuniko cha nyuma kirudi nyuma kama milimita moja na nusu hadi mbili, kutegemea springi utakayopata, halafu katikati ya kifuniko na rimu ya nje weka ile washa ya springi yenye mawimbi, saizi ya 47 ya nje. Rimu ya nje ya nyuma lazima iteleze kwenye hauzingi kwa kusukuma na kidole, ikiwa imebana, hauzingi kwa ndani iondolee kidogo kwa msasa laini. Springi inafanya kazi mbili: inaondoa mchezo wa beringi, na mbano wake haubadiliki hata shafti ikirefuka. Kwa shafti ya 20 springi inayosukuma kama kilo 10 mpaka 20 inatosha. Usiende kutafuta ya kilo 50 ukidhani ndo uimara, utarudi kulekule.

Na utapata zawadi ambayo hukuiomba. Sa hivi shafti inasukuma mbele ndo maana dayo geji yako inaona 0.03. Ukishafunga mbele na kuelea nyuma, urefu wote unaoongezeka unakwenda nyuma kwenye puli, ambako haudhuru mtu. Mbele kitabaki kile kipande kifupi tu kati ya beringi na jiwe.

Namba za Beringi:

Nimechelewa lakini niongeze kuhusu sili za nje zilizobaki, maana hapo bado kuna gramu za kuokoa.

Si lazima uchague kati ya raba inayogusa na kukaa uchi. Kuna aina ya tatu, raba isiyogusa. Ukiiangalia kwa nje huwezi kuitofautisha na 2RS, ila mdomo wake unaingia kwenye mfereji wa rimu ya ndani bila kugusa, pengo ni dogo sana na lina kona, vumbi linahangaika kupita. Majina yanachanganya kwa sababu kila kampuni ina lake. NTN wanaziita LLB, wakati LLU ndo ya kugusa. NSK wanaziita VV, na DDU ndo ya kugusa. SKF wana 2RZ kwa isiyogusa, na 2RSH au 2RS1 za kugusa. ZZ au 2Z ni kifuniko cha bati, nayo haigusi lakini pengo lake ni kubwa zaidi na halina kona, kwa grinda mimi siipendi.

Mkabo wa hizo raba zisizogusa ni kama hakuna. Ndiyo maana hata kikomo cha kasi kwenye katalogi kinapanda, za kugusa huwa zina kikomo cha chini sana kuliko ndugu zake zisizogusa za saizi ileile, kisa ni mdomo wa raba kuungua. Kwa 4200 wewe uko salama kwa zote mbili, kwako shida ni joto na wati.

Angalia pia herufi ya C3 mwishoni. C3 ina nafasi kubwa zaidi ndani, kati ya mipira na rimu, inafaa mota zinazochemka. Kwa spindo yenye springi siyo dhambi, springi itaila hiyo nafasi, lakini kama unaweza kuchagua chukua ya kawaida.

Kuna watu watakwambia chukua wembe, punguza mdomo wa raba beringi ikiwa inazunguka, upate isiyogusa ya bure. Nimeona. Makombo ya raba yanaingia kwenye mipira, na mdomo unabaki na meno kama msumeno. Ukitaka kubaki na 2RS zako kwa sasa, bora upake mdomo grisi nyembamba sana, raba kavu ndo inakaba na kulia, na ujue kwamba raba mpya inalegea yenyewe ikishajisugua masaa kadhaa.

kijana_wa_mota:

Sawa nimekubali, nimetolewa nje. Ila swali, akiweka hizo LLB grisi yake si itatoka?

Namba za Beringi:

Haitoki kama haijajazwa mpaka mdomoni. Zinatoka kiwandani zikiwa na kiasi chake, kama theluthi ya nafasi au pungufu. Shida ni mafundi wanaofungua beringi mpya wakaisindilia grisi mpaka inatokeza kama dawa ya meno. Ikizidi, mipira inaikoroga, inachemka, inatafuta pa kutokea. Usiongeze kitu kwenye beringi mpya. Na kama utaosha uweke yako, osha kabisa kwa mafuta ya taa mpaka isiwe na chembe ya zamani, maana grisi za sabuni tofauti (sabuni ni kile kinachoyafanya mafuta yawe mazito) zikikutana zinaweza kuyeyuka kama uji au kuganda. Weka grisi yenye mafuta mepesi, ya spindo, ile nzito ya magurudumu ya gari achana nayo.

Mzee Grisi:

Mimi bado naogopa raba isiyogusa mbele ya jiwe ikiwa peke yake. Wekeni mlinzi wa nje.

ChumaBaridi una mashine ya kukerezea, kwa hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kereza kisahani cha alumini kinachokaa kwenye shafti nyuma ya jiwe na kinazunguka nalo. Upande wa nyuma wa kisahani toa ukingo kama wa sufuria, ukingo huo uvae juu ya pua ya kifuniko cha mbele bila kukigusa. Kwenye pua ya kifuniko chora mifereji miwili mitatu kuzunguka. Pengo la pembeni liwe 0.2, la mbele 0.4 hivi. Vumbi likitaka kuingia lipite kwenye pengo, ligeuke, lipande, na wakati huo kisahani kinazunguka kinalitupa nje. Hakuna kinachogusa, kwa hiyo gramu zako kwenye mfuko hazitaongezeka hata moja. Mifereji ipake grisi, vumbi litakalofika hapo linaganda. Kila miezi kadhaa unafuta unapaka mpya.

Usiweke pete ya sufi. Najua wazee wenzangu wanaipenda, lakini sufi ikishakunywa vumbi la jiwe inageuka msasa, nimeona shafti zenye mfereji uliochimbwa na sufi kama kwa makusudi.

Ukitumia maji ya kupozea, toboa tundu chini ya kifuniko, pale chini kabisa, maji yatakayopenya yapate pa kudondokea. Wenye mashine kubwa wanapuliza hewa kavu ndani ya hauzingi kwa presha ndogo sana ili itoke kwenye pengo muda wote, 0.1 au 0.2 ya bar inatosha. Hiyo inalisukuma vumbi nje, ni kinyume cha ile ya kijana ya kupuliza kutoka nje. Lakini kwa mashine yako naona kisahani kitatosha.

ChumaBaridi:

Wakuu nimerudi, imenichukua wikiendi mbili.

Kifuniko cha nyuma nimekirudisha, nimeweka washa ya mawimbi. Rimu ya nyuma ilikuwa imebana kweli kwenye hauzingi, nikasugua kidogo kidogo mpaka ikateleza kwa kidole, hapo nilitokwa jasho kwa woga wa kuzidisha. Kwanza nikapima na 2RS zilezile bila sili za ndani ili nisichanganye mambo: baridi 255, ya moto 190. Kwa mara ya kwanza ya moto imekuwa nyepesi kuliko baridi! Joto likasimama lenyewe kwenye 47.

Halafu nikaweka beringi mpya zisizogusa. Sikutoa sili yoyote, na za ndani nimeziacha kwa kuwa hazikabi. Baridi gramu 75, ya moto 50 na kitu, mfuko unakuwa mwepesi mpaka upepo wa dirishani unauyumbisha, ikabidi nifunge dirisha. Mwanzo niliendesha dakika moja nikazima ikapoa, kisha mbili, kisha tano, kama mtu mmoja alivyonielekeza pembeni, ili grisi ijipange. Baada ya dakika arobaini hauzingi iko 39 na imetulia hapo. Dayo geji mbele inaonyesha chini ya 0.01, na sehemu kubwa inatokea dakika kumi za mwanzo, kwa hiyo sasa nawasha kwanza nikipanga vifaa, ndo nanoa.

Ukizungusha kwa mkono inaendelea yenyewe. Mota inaanza mara moja.

Kisahani cha Mzee Grisi nimekereza ila kimoja kimeniharibikia, pengo la 0.2 nilipofunga jiwe na kukaza nati kisahani kikagusa upande mmoja, nikasikia kinakwaruza. Ni kwamba nimekikereza vibaya au shafti yangu haiko sawa?

Mzee Grisi:

Usikikereze kikiwa peke yake kwenye chaki ya mashine ya kukerezea. Kiweke kwenye shafti ya spindo yenyewe, kaza nati kama utakavyokaza siku zote, kisha malizia ukingo wa ndani na uso wake kikiwa kimeshakazwa hapo. Weka alama kwenye kisahani na shafti ili kikitoka kirudi palepale. Na kabla ya hapo angalia washa iliyo chini ya nati, kama nyuso zake mbili haziko sambamba nati inavuta shafti upande mmoja, utakimbizana na kisahani bure.

ChumaBaridi:

Ni washa mzee. Nimeipima kwa maikromita, upande mmoja imezidi 0.06. Narudi kwenye mashine.